Tarakimu nane hazimalizi ugomvi wa mpaka

Wiki hii nimeletewa tena ugomvi wa mpaka. Mteja kasimama kwenye kona ya kiwanja na simu mkononi, kanakili latitudo yenye tarakimu nane baada ya nukta, sasa anataka niamue kati yake na jirani ni nani kavuka mpaka. "Namba ndefu hivi itakoseaje?"

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Digrii moja ya latitudo ni takriban kilomita 111. Tarakimu ya tano baada ya nukta ni kama mita 1.1, ya nane ni milimita 1.1. Simu ya kawaida hukosea mita kadhaa hata penye anga wazi, na ukiibanza kando ya ukuta mrefu au chini ya miti hukosea zaidi. Hizo tarakimu za mwisho ni makapi. Programu huandika zote ilizonazo, haijui pa kunyamaza.

Ubaya ni kwamba data ikishaingia kwenye jedwali, pointi ya simu na pointi ya mpima ardhi hufanana kama pacha. Hakuna safu inayosema "mimi nilipimwa kwa simu" mpaka mtu aiongeze. Ndiyo maana nang'ang'ania safu tatu kabla hujaondoka uwandani: kifaa, kosa linalokadiriwa, na datumu, yaani kielelezo cha umbo la dunia ambacho namba zinahesabiwa kwacho. Hiyo ya tatu wengi huidharau, ilhali namba zilezile zikisomwa kwa datumu nyingine zinaweza kuhama mamia ya mita. Na tafadhali, kuvuta ramani karibu hakupunguzi kosa, hulikuza nalo.

Kuna na madai mengine ninayoyasikia. "Nikigeuza pikseli ya Landsat, picha ya setilaiti, kutoka mita 30 kuwa mita 1, nitaona nyumba." Utapata pikseli 900 zenye thamani ileile, au za kukisia.

"Greenland inakaribia Afrika kwa ukubwa." Hiyo ni Mercator, namna ya kuchora ramani inayovimbisha nchi zilizo karibu na ncha za dunia. Afrika ni kubwa kama mara 14. Usipime eneo humo.

"Poligoni, lile umbo lililochorwa kwenye ramani, inaonyesha msitu unapoishia." Inaonyesha mchoraji alipoamua uishie. Huko porini miti hupungua kidogo kidogo hadi vichaka, wala hakuna mstari.

Na ukikuta kwenye ramani wateja wako wote wamezama Ghuba ya Guinea, mfumo haujaharibika. Safu zako zilikuwa tupu, zikasomwa latitudo sifuri na longitudo sifuri, na hapo ndipo palipo.