Kabla hujajenga banda la kuku juu ya bwawa

Wafugaji wa kuku wa pande za Mwakirunge na Mtongwe wanaotaka kuchimba bwawa hutuuliza: banda tulijenge juu ya maji, kinyesi kidondoke chenyewe?

Yawezekana, na nchi kadhaa za Asia hufanya hivyo. Kwa shamba dogo la hapa kwetu, mimi sishauri. Kinachodondoka huwezi kukipima. Mbolea ikizidi, mwani ule mdogo usioonekana kwa macho hujaa majini. Mchana hutoa oksijeni, usiku huitumia, na alfajiri unawakuta tilapia wako juu ya maji wakitweta.

Banda likae kando. Kausha kinyesi, kitie guniani, ulifunge kwa kamba na kulitumbukiza kwenye kona ya bwawa. Kilo 5 za kinyesi kikavu kwa wiki zatosha mita mraba 100. Samaki halishwi kinyesi: mbolea hulisha mwani na wadudu wadogo wa majini, navyo ndivyo chakula cha tilapia. Kisha pima wingi wa mwani kwa mkono. Uzamishe wima taratibu. Kiganja kikifichika maji yakikaribia kiwiko, hali ni nzuri. Kikifichika mapema, toa gunia. Kikionekana hata kiwiko kimelowa, ongeza. Kuku wakiwa kwenye dawa, kinyesi chao kisiingie bwawani.

Mchanga wetu haushiki maji, kwa hiyo wengi watahitaji nailoni ya bwawa. Usichomeke fito za kuzungushia mbolea ndani yake, itatoboka; ndiyo maana nasema gunia. Maji ya kisima nayo yapimwe chumvi kabla ya kununua vifaranga vya samaki. Walio karibu na mikono ya bahari wafikirie samaki aitwaye mwatiko, anayestahimili chumvi na kupenda mwani vilevile.

Kuna swali ambalo wateja wa Mombasa huuliza kwa haki kabisa: samaki huyu si najisi? Hukumu ya dini waulizwe masheikh, si mimi. Kwa upande wa afya, kinyesi kibichi hubeba vijidudu vya kuharisha. Acha kutia mbolea wiki mbili kabla ya kuvua, walishe samaki chakula cha kawaida, kisha wahamishie kwenye tangi la maji safi siku chache. Mteja akiuliza, mpeleke akaone lile tangi. Maji utakayopunguza bwawani yamwagie migomba na minazi. Mchicha na mboga za kuliwa mbichi uziache.