CA-125 imetoka 28 hadi 41? Acheni kuimba "usugu"

CA-125 ni kipimo cha damu cha kufuatilia saratani ya ovari. Karatasi ya maabara inasoma 41, mwezi uliopita ilikuwa 28, na ukoo mzima umeshakata shauri: kansa imekuwa sugu, kemo imegonga mwamba. Jamani.

Usugu katika saratani ya ovari ni suala la kalenda kwanza. Ugonjwa ukirudi kabla ya miezi 6 tangu dozi ya mwisho ya kaboplatini au sisplatini, dawa za kemo zenye platinamu, tunauita sugu kwa platinamu. Ukikua mgonjwa akiwa bado anatundikiwa dripu, ni kundi baya zaidi. Na tukubali: miezi 6 ni mstari tuliouchora wenyewe. Chembe za kansa hazina kalenda ukutani. Aliyerudiwa mwezi wa 5 na wa mwezi wa 7 wanaweza kufanana kabisa.

CA-125 nayo ni protini ambayo hata utando wa tumbo, mapafu na moyo huitoa ukichokozwa. Endometriosisi, ini lililonyauka, moyo unaoshindwa kazi, vyote huipandisha. TB ya tumbo ndiyo mwongo mkubwa: tumbo limejaa maji, mama amekonda, namba iko kwenye mamia, na kansa haipo. Bila biopsi, yaani kinyofu cha nyama kupimwa, usitundike kemo. Hata kisu chenyewe huuchokoza utando, kwa hiyo kipimo cha wiki mbili baada ya upasuaji kisikupandishe presha.

Jinsi ya kuisoma: sampuli ya kwanza ichukuliwe ndani ya wiki 2 kabla ya dripu, na iwe angalau 70, yaani mara mbili ya kikomo cha kawaida cha 35. Ikiwa chini ya hapo, haitufai kupimia kama dawa imejibu. Baada ya hapo pima maabara ileile, mashine ileile. Ukihama maabara katikati ya matibabu, unalinganisha debe na kibaba. Ikishuka kwa nusu na kubaki huko siku 28, dawa imejibu. Aliyeshuka hadi kawaida tunasema amerudiwa akifika 70 mara mbili, vipimo vikipishana angalau wiki moja. Ambaye hakuwahi kufika kawaida, tunasubiri afike maradufu ya namba yake ya chini kabisa, nako kwa vipimo viwili vinavyopishana angalau wiki moja. 41 haimo popote humo. Rudia kipimo.

Kinachonusa usugu kweli ni kasi ya kushuka katika siku 100 za mwanzo, kwa vipimo visivyopungua 3. Tuseme 800, 300, 110: vizuri. 800, 650, 520 nayo inashuka, watu wanashangilia, mimi nakunja uso. Lakini haitakuambia sababu, kama chembe zinaitema dawa au jeni ya BRCA, fundi wa kurekebisha DNA, iliyokuwa imeharibika imejirekebisha.

Kuwahi kuanza kemo tena kwa namba pekee? Utafiti wa Ulaya uliochapishwa 2010 ulionyesha hakurefushi maisha kuliko kusubiri dalili. Ulifanyika kabla ya olaparibu, kidonge cha kuichelewesha kansa isirudi, kuzoeleka, na hilo hunifanya nisite kuutumia kama msumeno kwa kila mgonjwa wa leo. Ila kwa mama mwenye 41, asiye na dalili na CT yake safi, sisiti.