Tasnia ya magazeti: nani anazilipia habari?

Ikitajwa tasnia ya magazeti, wengi huwaza waandishi na mitambo ya kuchapa. Maana yake ni pana zaidi: ni biashara nzima ya kukusanya habari, kuzihariri, kuzichapa, kuzisambaza na kumpata wa kuzigharamia. Hilo la mwisho halionekani sana, lakini kwa maoni yangu ndilo linaloeleza mengine yote.

Relation, linalohesabiwa kuwa gazeti la kwanza kuchapwa, lilianza Strasbourg mwaka 1605. Magazeti ya zama hizo yalisomwa na wachache wenye nazo, na mashine za mkono zilienda polepole, karatasi 250 hivi kwa saa. Novemba 1814, The Times la London likachapwa kwa mtambo wa mvuke wa Friedrich Koenig, uliotoa karatasi 1,100 kwa saa.

Kasi hiyo ilifungua mlango wa bei. Mwaka 1833 Benjamin Day alianzisha The Sun jijini New York akaliuza senti moja, wenzake wakiuza senti sita. Faida aliitafuta kwenye matangazo. Gazeti likawa na wateja wawili: msomaji anayenunua habari, na mfanyabiashara anayelipa ili amfikie msomaji huyo. Huyu wa pili ndiye aliyekuja kubeba mzigo mkubwa.

Kazi ya kupanga herufi za kuchapia nayo haikubaki nyuma. Zamani fundi aliokota herufi za madini ya risasi mojamoja na kuzipanga kinyumenyume, mstari baada ya mstari. Mwaka 1886 New York Tribune likaanza kutumia mashine ya linotaipu: fundi anabonyeza vitufe, risasi iliyoyeyushwa inamiminwa, na mstari mzima unatoka ukiwa umeganda, tayari kuchapwa.

Husemwa kwamba intaneti iliyaua magazeti kwa sababu watu waliacha kusoma. Sikubaliani. Habari zinasomwa sana tu, tena usiku na mchana; kilichohama ni matangazo. Yalitangulia yale madogomadogo ya kazi, nyumba za kupanga na magari yaliyotumika, yaliyobanana kwenye kurasa za ndani. Craigslist, tovuti ya matangazo ya Marekani iliyoanza mwaka 1995, iliyapokea mengi bila malipo. Baadaye Google na Facebook zikazoa makubwa. Nchini Marekani, mapato ya matangazo ya magazeti yalizidi dola bilioni 49 mwaka 2005. Kufikia 2020 yalikuwa chini ya bilioni 10, na kwa mara ya kwanza tangu hesabu hizo zianze kuwekwa, fedha za wasomaji zikayazidi.

Ndiyo maana siku hizi unafungua habari mtandaoni, unasoma aya mbili, unaambiwa ulipie. The New York Times lilianza utaratibu huo mwaka 2011 na likafanikiwa, kwa kuwa wasomaji wake wametapakaa duniani. Gazeti la mji mdogo halina hadhira hiyo: likikosa matangazo ya maduka ya jirani, wanaobaki kulilipia hawatoshi hata kumlipa mwandishi mmoja wa kufuatilia kesi mahakamani.