Kipodozi Kipya Kianzie Mkononi, Uso Utangoja

Kila Idi inapokaribia, na tena msimu wa harusi, kwenye foleni ya dirisha letu la dawa hutokea watu waliojitanda mtandio hadi puani. Ukimwomba mmoja aufunue kidogo, unaona kope zimevimba, mashavu yamejaa vipele, au paji limebabuka kama lililomwagikiwa maji moto. Neno la kwanza huwa lile lile: "Daktari, makosa ni yangu, nilinunua vya rahisi."

Mimi ni mfamasia wa hospitali ya umma hapa Mombasa, si daktari, ila hilo nilishaacha kulisahihisha. Ninalotaka kusahihisha ni hilo la bei. Nikiuliza kwa utaratibu, mara nyingi nakuta vitu vinne vipya vilinunuliwa Jumatano, vyote vikapakwa Alhamisi usiku, na sasa hakuna ajuaye kipi ndicho kilichomdhuru. Angenunua vya bei ya juu akavipaka hivyo hivyo, huenda angekuja kwangu na uso ule ule.

Chukua losheni ya duka la dawa la mtaani, Majengo au Likoni, uiweke kando ya ile ya dukani Nyali inayouzwa mara kumi zaidi. Geuza chupa zote mbili usome nyuma. Viambato huandikwa kwa kufuata wingi: kilicho kingi hutangulia, na vile visivyofika asilimia 1 huweza kufuatana vyovyote. Aghalabu utakuta mwanzo ni mmoja: maji, gliserini, mafuta ya madini. Tofauti kubwa iko mkiani mwa orodha, kwenye manukato, na katika uzuri wa chupa. Hayo manukato, kwa taarifa yako, ni miongoni mwa vitu vinavyoongoza kwa kuleta mzio wa ngozi, kwa hiyo kuna siku unalipa zaidi ili ujikune zaidi. Mafuta ya mgando yasiyo na harufu, ambayo yalipewa hataza mwaka 1872, bado ni kati ya vitu bora kabisa vya kuzuia ngozi isipoteze maji. Paka mikononi na miguuni bila wasiwasi. Usoni, kwa joto letu hili na jasho la Kaskazi, mwenye chunusi ayapite.

Mimi ningebana fedha kwenye maskara, maana hata iwe ya bei gani, ikishafunguliwa inafaa kutupwa baada ya miezi 3. Ningelegeza mkono kwenye fondesheni, kwa sababu rangi inayokaa sawa kwenye ngozi nyeusi au ya maji ya kunde si kila kampuni inaijua. Nyingi za bei nafuu zimechanganywa kwa ngozi nyingine, na kwetu huacha kijivujivu kama majivu ya jikoni.

Wiki ya mkono

Ukirudi nyumbani na kipodozi kipya cha kupaka na kuacha, chagua pahali pamoja upande wa ndani wa mkono, karibu na kiwiko, upana wa sarafu ya shilingi 10. Paka hapo asubuhi na jioni kwa siku 7, bila kuhama. Mzio wa ngozi hauji papo hapo. Mwili huchukua saa 48 hadi 72, pengine zaidi, kuonyesha kwamba haukipendi kitu. Ndiyo maana aliyepaka Alhamisi usiku hulala salama, Jumamosi akala pilau ya watu, akaamka Jumapili na uso asioutambua, kisha lawama yote akamtwika kamba aliyekuwa kwenye sinia.

Wiki ikipita bila mwasho wala wekundu, kipandishe usoni. Cha pili kingoje zamu yake. Mwenye vitu vinne na harusi ya mwisho wa mwezi basi aanze mwezi unapoingia. Najua ni uvumilivu mwingi, lakini hivi ndivyo utakavyojua kwa yakini kipi chako na kipi si chako, na mwakani hutanunua tena kwa kubahatisha. Sabuni ya uso usiipime kwa mtindo huu, kwa sababu haikutengenezwa kukaa juu ya ngozi mchana kutwa; itababua hata ngozi isiyo na tatizo.

Dawa za chunusi zinazouzwa bila cheti zina lake. Benzoili peroksaidi ya asilimia 2.5 hufanya kazi karibu sawa na ya asilimia 10, na haiunguzi sana kama ile kali. Wateja hung'ang'ania kubwa wakidhani namba ni nguvu. Tena dawa hiyo huchujua rangi ya nguo: nimeonyeshwa buibui jeusi lenye madoa ya kahawia shingoni, mwenyewe akilaumu sabuni ya kufulia. Ipake usiku, ikauke, na mto uvishe foronya nyeupe.

Kuhusu rangi, taa za dukani zinadanganya. Jaribu fondesheni kwenye taya, si kwenye kiganja, kisha utoke nje ukatazame juani. Usinunue saa hiyo. Nyingine hugeuka rangi zikikutana na hewa na mafuta ya uso. Panda feri Likoni, vuka, urudi. Ikiwa bado inafanana na shingo yako baada ya msongamano ule na jua lile, hiyo itavumilia hata ukumbi wa harusi usio na feni.

Cha kujaribia dukani kisiguse jicho wala mdomo. Rangi ya mdomo iliyopita midomo ya watu ishirini inaweza kubeba virusi vya malengelenge ya mdomo, na kijiti cha maskara au wanja hubeba vijidudu vya macho kutoka kope hadi kope. Mwanzoni mwa 2024, ugonjwa wa macho mekundu ulipoenea hapa Pwani, sitaki hata kukumbuka ni mabinti wangapi waliniambia wanachangia wanja mmoja nyumba nzima. Na kwa kuwa tumefika kwenye wanja: ule wa unga, wanja wa manga usio na lebo, wakati mwingine ni madini ya risasi yaliyosagwa. Rangi yake inang'aa kweli. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto, kwa hiyo ile desturi ya kumtia mtoto mchanga wanja ili awe na macho makubwa tuiache.

Piko

Hina halisi haina haraka. Ukiibandua, huacha rangi ya machungwa, ikakolea siku moja mbili hadi damu ya mzee. Hakuna jani la hina linalotoa weusi wa makaa kwa nusu saa. Weusi huo ni wa piko, na piko tunayochorwa nayo ni dawa ya nywele, yenye kemikali iitwayo PPD. Nchi za Ulaya huiruhusu kwenye dawa ya nywele isizidi asilimia 2 inapopakwa, na kwenye ngozi hawairuhusu kabisa. Fundi anayekoroga kwenye kibakuli hapimi asilimia, anatazama weusi.

Najua urembo wa bi harusi wa Pwani ni nyekundu kwa nyeusi, na nikisema piko iachwe nitatolewa ukumbini mimi na zawadi yangu. Lakini nimeona mikono iliyofura malengelenge kwa kufuata maua yenyewe, jani kwa jani, na makovu yakabaki na umbo la pambo. Tena mwili ukishaikataa PPD mara moja, huikataa maisha. Binti aliyeungua akiwa na miaka 19 akija kupaka dawa ya nywele kuficha mvi miaka ishirini baadaye, uso unaweza kuvimba hadi macho yafunge. Kama piko haiepukiki, ipimwe nukta moja nyuma ya sikio siku kadhaa kabla, wala usikubali kupimiwa asubuhi ile ile ya kuchorwa. Aliyewahi kuwashwa hata kidogo asirudie.

Hina yenyewe usimpake mtoto mchanga. Watoto wenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, na huku kwetu si wachache, damu yao inaweza kuvunjika kwa hina ya kupaka tu.

Vikopo vya kung'arisha

Hapa ndipo bei nafuu inapoua kweli, ingawa hata vya bei ghali vimo. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi walichapisha uchunguzi wa wagonjwa 60 wa figo zinazovuja protini. Zaidi ya nusu walikuwa wakitumia krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki. Nusu karne imepita na zebaki bado iko sokoni, ikijificha chini ya majina kama "calomel" au "mercurio". Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, uliipangia vipodozi kikomo cha sehemu moja kwa milioni, na mwaka 2023 nchi wanachama zikakubaliana ziondoe hata hicho.

Ndugu yake ni haidrokwinoni. Mwaka 1975 madaktari wa Afrika Kusini walieleza jinsi wanawake walioitumia muda mrefu walivyotokwa na madoa ya bluu-nyeusi mashavuni, pale pale walipotaka weupe. Madoa hayo ni magumu mno kuyaondoa. Kwa mkorogo unaochanganywa uani, fundi huongeza dawa ya hospitali, clobetasol: ngozi inalainika mwezi wa kwanza, halafu inakonda, inatoa michirizi, na ukiiacha inalipuka vipele ili uirudie. Ukiuziwa krimu kwenye kikopo kisicho na jina la mtengenezaji wala viambato, irudishe. Liwa iliyosagwa kwenye jiwe la msio haikuahidi kukubadilisha rangi, na hiyo ni sifa yake. Hata hivyo nayo ipimwe mkononi, kwani mti pia huwasha.

Kwa bidhaa zilizotengenezwa nchini, tafuta alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, yenye namba ya kibali chini yake. Tuma SM# na namba hiyo kwenda 20023, utajibiwa ni ya kampuni gani na ya bidhaa gani. Jibu likitaja unga wa ugali nawe umeshika krimu, umeshajua. Za kutoka nje hubandikwa stika ya ISM. Tazama pia kile kichoro cha kopo lililo wazi, chenye 6M au 12M: ni miezi ya matumizi tangu siku ya kufungua, kwa hiyo andika tarehe hiyo kwa kalamu chini ya kopo.

Krimu ya kukinga jua ya SPF 30 huzuia takriban asilimia 97 ya miale inayounguza, na ya bei ya chini hutosha ukipaka ya kutosha. Mwenye madoa ya uzazi atafute yenye rangi, ile yenye oksidi ya chuma.

Ikitokea uso umekataa, acha vyote, hata ulivyovizoea. Osha kwa maji, weka kitambaa cha baridi, paka mafuta ya mgando matupu, na usiongeze krimu ya shoga yako iliyomsaidia mwaka jana. Midomo ikivimba, macho yakifunga au pumzi ikibana, hiyo si ya kusubiri dirishani kwangu, nenda moja kwa moja kwenye dharura. Kwa mengine njoo, na uje na makopo yote, hata yaliyokwisha. Wengi huniletea uso peke yake, kisha wakaniambia kilikuwa na kifuniko cha waridi.