Mtoto haendi Ulaya kusomea kukaa getini: dhana potofu kuhusu shahada ya usimamizi wa usalama

Wiki haipiti bila mzazi kunipigia simu kuhusu kijana wake anayetaka kwenda kusoma usimamizi wa usalama wa umma nje ya nchi. Na karibu kila simu inafika kwenye swali lile lile, tena kwa sauti ya kushushwa ili mtoto asisikie: "Sasa mwalimu, nitoe mamilioni yote hayo, aende Ulaya, arudi kuwa mlinzi?" Swali hili nimelijibu hata msibani. Leo nalijibu kwa maandishi na kwa kirefu, kwa sababu limewanyima vijana wenye akili nzuri nafasi walizokuwa wameshazipata mkononi, hasa mabinti, ambao huambiwa pia kwamba kozi hii ni ya wanaume.

Nitaizungumzia Uholanzi, maana ndiko ninakowaelekeza wengi. Mjini The Hague, chuo cha Haagse Hogeschool kina shahada ya usimamizi wa usalama ya miaka minne inayofundishwa kwa Kiingereza, yenye mafunzo kazini ndani yake. Chuo Kikuu cha Leiden nacho, kwenye kampasi yake ya mji huo huo, kilianzisha shahada ya masomo ya usalama mwaka 2017. Hiyo ni ya miaka mitatu na imeegemea zaidi utafiti.

"Ni kozi ya ulinzi"

Mlinzi wa getini ni mtu wa kuheshimiwa. Anakesha, analipwa kidogo, na likitokea la kutokea yeye ndiye wa kwanza kuumia. Lakini mlinzi anatekeleza mpango uliotengenezwa na mtu mwingine. Kozi hii inamfundisha huyo mtu mwingine: anayepanga, anayekagua, na anayeitwa kujieleza mpango ukishindwa.

Chukua bweni la shule. Usiku wa kuamkia tarehe 26 Machi 2001, katika Shule ya Sekondari Kyanguli, Machakos, wavulana 67 walikufa kwa moto bwenini. Moto uliwashwa kwa makusudi, kwa petroli. Lakini madirisha yalikuwa na nondo, na mlango mmoja kati ya miwili ulikuwa umefungwa. Sasa jiulize kwa nini shule zetu huweka nondo na kufuli. Nondo huwekwa kwa ajili ya wezi, kufuli kwa ajili ya wanafunzi wanaotoroka usiku. Ukiulizia kimoja kimoja, kila uamuzi una sababu yake na kila aliyeuamua alidhani anawalinda watoto. Ukiviweka pamoja usiku wa moto, hakuna njia ya kutoka.

Mwongozo wa viwango vya usalama shuleni uliotolewa na Kenya mwaka 2008 unasema madirisha ya bweni yasiwe na nondo, na milango ifunguke kwa nje na isifungwe kwa kufuli wanafunzi wakiwa ndani. Vizuri. Ila mwizi bado yupo, na utoro bado upo. Utamzuia vipi mwizi bila kumfungia mtoto ndani? Hapo ndipo masomo yenyewe yanapoanzia. Inabidi ujue moshi unajaza chumba cha vitanda themanini kwa muda gani, sheria inamwajibisha nani, uzio wa nje unagharimu kiasi gani ukilinganisha na nondo za madirisha, na kwa nini mkuu wa shule aliyesoma mwongozo vizuri kabisa bado anafunga mlango. Na lipo swali ambalo mimi huwauliza vijana kabla ya mengine yote: saa nane usiku, ufunguo anao nani, na huyo mtu analala wapi? Mlinzi hawezi kulijibu hilo peke yake. Wala polisi.

Waholanzi wenyewe waliyajua haya kwa machungu. Tarehe 13 Mei 2000, ghala la fataki la kampuni ya SE Fireworks lililipuka mjini Enschede, katikati ya makazi ya watu. Walikufa watu 23, wanne kati yao wazimamoto. Tume iliyoongozwa na Marten Oosting ilikuta kwamba fataki zilizohifadhiwa zilikuwa nyingi na kali kuliko kibali kilivyoruhusu, na kwamba mamlaka zilizotakiwa kusimamia hazikusimamia. Kibali kilikuwepo, na wakaguzi walikuwepo. Miezi minane haijaisha, usiku wa mwaka mpya wa 2001, mapambo ya Krismasi yaliyokauka yakashika moto kwenye dari ya baa moja huko Volendam na vijana 14 wakapoteza maisha. Misiba hiyo miwili iliitikisa nchi nzima, na miongoni mwa matunda yake ni sheria iliyoanza kutumika Oktoba 2010, iliyoigawa Uholanzi katika kanda 25 za usalama, ambamo zimamoto, huduma za dharura za afya na uratibu wa maafa vinapangwa pamoja. Kijana wako akienda kule atayasoma haya. Hatafundishwa kushika rungu.

Mzazi mmoja aliniambia hayo ni mambo ya Wazungu. Tarehe 21 Machi 2021 watu walifurika Uwanja wa Uhuru, Dar es Salaam, kumuaga Rais Magufuli, na polisi wakatangaza kwamba 45 wamekufa katika msongamano. Umati una hesabu zake. Watu wakizidi wanne au watano ndani ya mita moja ya mraba, mtu mmoja mmoja hana tena uwezo wa kuamua aende wapi. Wanasukumana kama maji ya mto, na aliye nyuma hajui kinachompata aliye mbele. Kwa hiyo lazima ijulikane mapema geti moja linapitisha watu wangapi kwa dakika, foleni inaanzia wapi, na nani mwenye mamlaka ya kusema "simamisheni kuingiza watu" bila kusubiri simu kutoka juu. Mwaka 2027 Tanzania, Kenya na Uganda zinaandaa pamoja Kombe la Mataifa ya Afrika. Hesabu hizo atazipiga nani?

Ndiyo maana huwa nakereka. Tunao wenye nguvu wengi. Tuna uhaba wa watu wanaoweza kukaa na mchoro wa jengo, sheria na bajeti mezani kwa wakati mmoja. Migodi inawataka, bandari, viwanja vya ndege, benki, hospitali, kampuni za bima. Bomba la mafuta ghafi la kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, lina urefu wa kilomita 1,443, na kila kipande kinapita karibu na shamba, kijiji au mto wa mtu. Na maafa yetu yana idara nzima chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu. Hakuna hata sehemu moja kati ya hizo inayouliza kijana ana kifua kipana kiasi gani, kwa hiyo hoja ya kwamba "hii ni ya wanaume" siijadili zaidi ya hapa.

Ushauri wangu, ambao namkazia kila anayenijia: kabla hujalipa ada ya maombi, chagua jengo unaloingia kila siku, liwe soko, kanisa, msikiti au hosteli. Andika kurasa mbili: nini kinaweza kutokea, nani ataumia kwanza, nani ana uwezo wa kuzuia, na itagharimu nini. Ukiona kazi hiyo inakuchosha, kasome kitu kingine kwa moyo mweupe. Ukijikuta umefika ukurasa wa tano, njoo tuongee.

"Akimaliza ataingia Interpol"

Interpol, shirika la ushirikiano wa polisi wa dunia, makao yake makuu yako Lyon, Ufaransa, na polisi wengi wanaofanya kazi pale wameazimwa na vikosi vya nchi zao. Kilichopo The Hague ni Europol, shirika la polisi la Umoja wa Ulaya, na huko wanaajiriwa raia wa nchi za Umoja wa Ulaya. Idara ya ujasusi ya Uholanzi inataka uraia wa Uholanzi. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai na shirika la kuzuia silaha za kemikali, yote mawili mjini humo, huajiri watu wa mataifa mengi, lakini ushindani ni mkali na uzoefu unahesabiwa kuliko cheti. Anayetaka kufika huko aanze na miaka kadhaa ya kazi ya kweli nyumbani.

"Hakuna hesabu, ni maneno tu"

Takwimu ndizo zinazowaangusha wengi ninaowafuatilia. Kuandika ripoti kunafuata. Kijana aliyezoea kukariri atapata shida.

"Atajilipia ada kwa vibarua"

Hili linauzwa na baadhi ya mawakala, na linanitia hasira. Mwanafunzi kutoka nje ya Ulaya anaruhusiwa kufanya kazi saa 16 kwa wiki, au muda wote katika miezi ya Juni, Julai na Agosti, si vyote viwili. Tena mwajiri lazima amwombee kibali cha kazi, na waajiri wengi hawataki usumbufu huo wakati wapo Waholanzi wasiohitaji kibali. Ada ya asiye raia wa Ulaya ni mara kadhaa ya ile wanayolipa wenyeji, na fedha za kujikimu lazima zionyeshwe kabla chuo hakijamwombea ruhusa ya ukaazi. Akishafika, asipopata angalau nusu ya alama za masomo za mwaka bila sababu inayokubalika, chuo kinatoa taarifa uhamiaji. Kijana anayeosha vyombo hadi usiku wa manane halafu anafeli takwimu hapotezi mwaka tu, anaweza kupoteza na kibali. Kama fedha hazipo, tafuta ufadhili au subiri mwaka mmoja.

"Kiingereza kinatosha"

Darasani kinatosha. Kwenye mafunzo kazini, kikosi cha zimamoto kinaongea Kiholanzi, na halmashauri ya mji inaandika kwa Kiholanzi. Aliyehitimu anaweza kuomba mwaka mmoja wa kubaki kutafuta kazi, na mwaka huo unapita haraka sana kwa asiyejua lugha. Kijana aanze kujifunza mwezi wa kwanza, asisubiri mwaka wa tatu.

"Cheti cha Ulaya hakiulizwi"

Kinaulizwa. Kwa Mtanzania, Tume ya Vyuo Vikuu, yaani TCU, ndiyo inayotambua shahada za nje, na inatoa pia hati ya kutokuwa na pingamizi kwa anayekwenda kusoma. Kenya kazi ya kutambua vyeti hivyo inafanywa na CUE, tume ya elimu ya vyuo vikuu ya huko. Nimekutana na wahitimu waliokwama kwenye usaili serikalini kwa sababu ya karatasi hiyo tu, ilhali wenzao wenye alama za chini wakapita. Hati ya TCU iombwe kabla ya tiketi kukatwa, na nakala za matokeo ya kila muhula zitunzwe tangu mwaka wa kwanza.