Nukta Nyekundu Haikulengei: Dhana Potofu Kuhusu Kuhamia Divisheni Mpya ya Bastola

Jumamosi iliyopita, umande ukiwa bado kwenye majani, mtu wa tatu ndani ya mwezi mmoja alinifikia uwanjani na bastola yenye kioo juu yake na maneno yaleyale: “Papa, mimi nahama. Kule Production nimechoka kushindwa. Na hii nukta nitawapita wote.” Production ni divisheni, yaani fungu la mashindano, ya bastola za kawaida zenye vilengeo vya chuma; nukta ni ile alama nyekundu ya mwanga inayoonekana ndani ya kioo cha kulengea.

Nafundisha ulengaji wa bastola nje kidogo ya Lubumbashi, kwenye uwanja wa mtu binafsi ambao ukuta wake wa nyuma tuliujenga kwa udongo wa vichuguu. Wanafunzi wangu wengi ni wakubwa wa ulinzi na wawindaji wenye vibali vyao, na wachache kati yao hujiandaa kushindana kwa kanuni za IPSC, shirikisho la kimataifa la ulengaji wa vitendo. Ni watu makini. Ndiyo sababu inaniuma kuona mtu aliyefanya kazi ya miaka miwili anaitupa kwa kuamini kwamba kifaa kitamlipia deni la mazoezi.

Dhana: “Nikiweka nukta nyekundu, nitakuwa na kasi na nitapiga A tupu.”

Hii ndiyo inayonichosha kuliko zote, kwa hiyo nitakaa nayo. A ni eneo la katikati la shabaha, lenye pointi nyingi kuliko yote; C na D ni maeneo ya nje yake.

Yule bwana wa Jumamosi nilimweka mita 10 kutoka kwenye shabaha, nikashika kronometa. Kwanza bastola yake ya zamani, ya vilengeo vya chuma. Mlio, akachomoa, akapiga: sekunde moja na nusu, katikati ya A. Kisha ile mpya. Mlio, akachomoa, mikono ikafika mbele, halafu hakuna kitu. Bastola inazunguka hewani kama mtu anayetafuta funguo gizani. Nukta haionekani kwenye kioo. Alipoipata akasubiri itulie, ikakataa kutulia, akafyatua kwa hasira: sekunde mbili na nusu, C. Akanigeukia: “Papa, hii pointi iko natetemeka. Pengine ni mbovu.”

Si mbovu. Mkono wake ulitetemeka vilevile miaka miwili yote kwenye vilengeo vya chuma, ila chuma hakikumwambia. Kilengeo cha mbele kikitembea milimita moja, jicho halioni. Nukta ikitembea, inapita juu ya shabaha nzima mbele ya macho yako. Hakuna mkono wa binadamu unaotulia kama jiwe, na huhitaji mkono kama huo. Eneo la A lina upana wa sentimita 15 hivi. Nukta ya ukubwa wa dakika 3 za pembe hufunika kama sentimita 2 tu ukiwa mita 25, na mita 10 inafunika chini ya sentimita moja. Ikiwa inacheza ndani ya A, fyatua, bila kuingoja isimame. Anayeingoja isimame huishia kuivuta triga kwa ghafla pale inapopita katikati, na mvuto huo wa ghafla ndio unaoipeleka risasi C, chini kushoto kwa anayetumia mkono wa kulia.

Hilo ni tatizo la kidole. Tatizo kubwa zaidi ni la jicho.

Aliyekua kwenye vilengeo vya chuma amefundishwa jambo moja siku zote: jicho likae kwenye kilengeo cha mbele, shabaha iwe na ukungu kidogo. Nukta inataka kinyume chake kabisa. Kioo hurudisha mwanga kwa namna ambayo jicho huuona kana kwamba unatoka mbali, kulekule kwenye shabaha, kwa hiyo jicho lazima likae kwenye shabaha na nukta ije yenyewe. Mtu anayehama bila kujua hili hulirudisha jicho lake karibu, kwenye kioo, kuikimbiza nukta. Ndipo anapopoteza ile sekunde moja, kila shabaha, kituo baada ya kituo (kituo ni zoezi moja la mashindano).

Na kwa nini nukta ilipotea pale mwanzo? Kwa sababu alipochomoa, mdomo wa bastola ulikuwa umeinuka kidogo. Kwenye chuma ungekiona kilengeo cha mbele kikiwa juu mno, nawe ukakishusha huku mikono ikiendelea kunyooka, wala usijue kwamba umerekebisha chochote. Kioo ni dirisha dogo. Mdomo ukiinuka, nukta hupanda na kutoka juu ya dirisha, na dirisha tupu halikuambii uende wapi. Wengi hapo huanza kuinamisha kichwa kuifuata. Acha kichwa wima. Bastola ndiyo inayoletwa kwenye jicho.

Nilimfanyia Papa huyo jambo ambalo hukasirisha kila mtu mara ya kwanza. Nilikata kipande cha sparadra, ile plasta ya kidonda, nikakibandika mbele ya kioo, upande wa shabaha. “Papa, sasa nitaona nini?” Nikamwambia aache macho yote mawili wazi na aangalie tundu moja alilolipiga mwenyewe asubuhi ile, basi. Jicho moja linaona nukta, jingine linaona shabaha, na ubongo unaziweka pamoja. Akipeleka jicho kwenye kioo, shabaha inatoweka, kwa hiyo hana budi kuangalia mbele. Risasi tano za kwanza zilitawanyika. Kumi zilizofuata zilikaa karibu zote ndani ya A, na kronometa ikashuka hadi sekunde 1.8. Nilipoibandua sparadra akaanza tena kuikimbiza nukta, nami nikaibandika tena. Aende nayo nyumbani.

Nyumbani namtaka hivi: risasi zikae chumba kingine, bastola ikaguliwe mara mbili kuwa ni tupu, kisha achague alama ndogo ukutani. Afumbe macho, achomoe, anyooshe mikono, afumbue. Nukta ipo dirishani au haipo? Kama ipo juu, mkono wa pembeni umelegea au kifundo kimeinuka. Dakika 10 kila jioni, wiki 3, ndipo turudi kuongea juu ya kasi. Simuuzii mtu risasi 500 za mazoezi kabla hajafanya hayo, hata akiniita mbahili.

Kuna wengine nukta yao si duara. Wanaiona kama nyota, au kama alama ya mkato, au wanaona mbili. Wanakimbilia kumlaumu aliyewauzia. Kabla ya kugombana, piga picha ya kioo kwa simu, au kizungushe kioo polepole na uone kama umbo nalo linazunguka. Kama kwenye picha ni duara safi, na kwako umbo halizunguki na kioo, tatizo liko kwenye jicho lako: konea, ule utando angavu wa mbele ya jicho, haikujipinda sawasawa. Nenda kwa daktari wa macho. Wengi hupona kero hiyo kwa miwani.

Na mwanga, jamani. Jua la Oktoba hapa kwetu ni kali, na kila mtu anauongeza mwangaza wa nukta hadi mwisho. Nukta yenye mwanga kupita kiasi hutapakaa na kufunika shabaha ndogo. Punguza hadi uione wazi bila kukuchoma. Wakati wa kiangazi vumbi jekundu hukaa kwenye kioo. Masika, tone moja la maji likianguka juu ya kile kitaa kidogo cha kioo kilicho wazi, utaona nukta kumi badala ya moja. Beba kitambaa safi mfukoni, na betri moja ya akiba.

Dhana: “Sasa naona vizuri, basi pale ninapoiweka nukta ndipo risasi inapokwenda.”

Si kwa shabaha ya karibu. Kioo kinakaa kama sentimita 3 hivi juu ya mtutu. Ukiwa umekirekebisha kioo ili risasi igonge penye nukta kwa mita 25, basi kwenye shabaha ya mita 3 risasi itagonga kama sentimita 2 na nusu chini ya nukta. Kwenye A nzima haijalishi. Lakini pale shabaha inapofunikwa nusu na shabaha ambayo hairuhusiwi kupigwa, nawe unalenga ukingo, sentimita hizo mbili ni adhabu ya pointi 10. Piga risasi chache za mita 3, 5 na 7 uone kwa macho yako, uandike.

Dhana: “Nihamie Standard nipige Major, pointi ni nyingi.”

Hili ni la hesabu, na hesabu haina ubishi. Standard na Open ni divisheni nyingine; Minor ni risasi za nguvu ndogo, Major ni za nguvu kubwa. Kipimo cha nguvu ni uzito wa risasi kwa greni, mara mwendo kwa futi kwa sekunde, gawa kwa 1,000. Minor ni 125. Major kwenye Standard ni 170, na kwenye Open 160. Ukigonga A, wote mnapata 5. Tofauti iko nje ya A: C ni 4 kwa Major na 3 kwa Minor, D ni 2 na 1. Kisha pointi zinagawanywa kwa sekunde ulizotumia.

Chukua kituo cha risasi 12: A 10 na C 2, sekunde 8. Minor inakupa pointi 56, yaani 7.00 kwa sekunde. Major inakupa 58, yaani 7.25. Mtu anasimama hapo, anafurahi, ananunua. Lakini bastola ya Major inapiga teke zaidi. Ikikuchelewesha nusu sekunde tu kwenye kituo hicho, umeshuka hadi 6.82, chini ya ulipotoka. Major inamfaa mwenye mshiko uliokwisha kukomaa. Kwa anayepiga C nyingi kwa sababu ya kidole, dawa ni kidole. Tena ukihamia Standard, unalinganishwa na watu wa Standard. Wale wa Production uliotaka kuwapita hawamo kwenye orodha yako.

Dhana: “Vifaa havina maana, yule Mturuki alishinda na mkono mfukoni.”

Tangu Paris 2024 nimeonyeshwa picha ya Yusuf Dikeç kwenye simu mara nyingi mno. Alipata fedha katika timu mseto ya bastola ya hewa ya mita 10. Ni mchezo mwingine kabisa, wa kusimama mahali pamoja na kupiga kwa mkono mmoja, na mkono wa pili kukaa mfukoni ni mkao wa kawaida wa mchezo huo. Bastola aliyoshika ni ya mashindano, na alikuwa kwenye Olimpiki tangu Beijing 2008. Nimemaliza.

“Magazini ya Open ni ndefu, sina haja tena ya kujifunza kubadilisha.” Kwenye Production unaanza na risasi zisizozidi 15, kwa hiyo unapanga kila kituo kwa kujua utabadilisha wapi, ukiwa unatembea. Anayehamia Open huiacha kazi hiyo, halafu kituo kirefu kinampata amesimama, mikono haikumbuki. Fanya mazoezi ya kubadilisha hata kama kwenye mashindano utayatumia mara moja tu.

“Nitanunua kwanza, karatasi zitafuata.” Hapana. Sheria yetu ya silaha na risasi ni ya mwaka 1985, na haijali kama wewe ni mwanamichezo. Nimewahi kumrudisha mtu getini, mtu mzima ninayemheshimu, kwa sababu bastola mpya ilikuwa begani na kibali kilikuwa bado njiani. Alininunia miezi miwili.

Dhana: “Usalama naujua, nimepiga miaka mingi.”

Umepiga bastola *ile* miaka mingi. Bastola nyingi za Production hazina kitufe cha usalama unachokigusa kwa kidole gumba kila mara, na risasi ya kwanza ni nzito kuivuta. Bastola ya Open kwa kawaida hukaa alani nyundo ikiwa imevutwa, na triga yake ni nyepesi sana: kanuni zinataka usalama uwe umepandishwa. Mkono wako hauna tabia hiyo. Ukiirudisha alani ikiwa imepakiwa bila kuupandisha, unaondolewa kwenye mashindano yote, si kituo hicho tu. Kidole kikibaki ndani ya kilinzi cha triga unapokimbia au unapobadilisha magazini, vivyo hivyo unaondolewa. Na bastola ikikuponyoka ikaanguka wakati wa zamu yako, hata ikiwa tupu, unapanga vitu vyako na kwenda nyumbani, baada ya safari yote ile na gharama zote zile.

Kwa hiyo ukija kwangu na bastola ya Open, saa ya kwanza hatutapiga risasi hata moja. Utachomoa na kurudisha, utachomoa na kurudisha, na mimi nitakaa pembeni yako nikisikiliza ule mlio mdogo wa usalama ukipanda kabla bastola haijagusa ala.