Je, wajua kwa nini figili hukomaa zote kwa mpigo, na zilizozidi zifanywe nini?

Mtu aliyepanda tuta la figili nyuma ya nyumba yake, iwe Buhongwa, Nyegezi au Igoma jijini Mwanza, hukumbana na tatizo ambalo mwenye nyanya au sukuma wiki halijui. Nyanya huchumwa kidogo kidogo na sukuma wiki hukatwa jani kwa jani, lakini figili huwa tayari zote ndani ya wiki moja, na wiki inayofuata huanza kuharibika zikiwa bado ardhini. Kwa kuwa wanunuzi wake sokoni si wengi kama wa vitunguu, ndoo nzima hubaki jikoni ikisubiri uamuzi wa mwenye nyumba.

Figili ndogo nyekundu huchukua takriban siku 25 hadi 30 tangu mbegu kuingia ardhini hadi mzizi kung'olewa, na mbegu zilizosiwa siku moja huota karibu kwa pamoja. Mzizi tunaoula ni ghala ambalo mmea umejiwekea ili baadaye ulishe shina la maua. Ukiachwa ardhini kupita wakati wake, seli za katikati huendelea kutanuka kwa kasi kuliko majani yanavyoweza kuzilisha, nafasi za hewa hujitokeza kati yake, na anayeuma figili hiyo huhisi kama anatafuna sifongo. Joto na ukavu huharakisha hali hii. Mvua kubwa ya vuli ikishuka baada ya siku kadhaa za jua, mizizi nayo hupasuka, kwa sababu nyama ya ndani hunyonya maji haraka kuliko ganda linavyoweza kutanuka. Kuziacha shambani kwa nia ya kuzihifadhi, basi, ni kuzipoteza. Zing'olewe zote, kisha hesabu ifanyike jikoni.

Hatua ya kwanza, ambayo wengi huiruka, ni kuyakata majani mara tu baada ya kung'oa. Majani hayajui kwamba yametoka ardhini: huendelea kutoa mvuke, na maji hayo huyavuta kutoka kwenye mzizi, kiasi kwamba figili iliyoachwa na majani yake huweza kulegea kabla ya siku ya pili kwisha. Mizizi iliyokatwa majani, ikafungwa kwenye kitambaa chenye unyevu na kuwekwa kwenye jokofu, hukaa wiki mbili au zaidi. Asiye na jokofu anaweza kuifukia kwenye beseni la mchanga wenye unyevunyevu, mahali penye kivuli, akapata siku chache za nafuu.

Majani yenyewe yasitupwe. Figili ni ya ukoo mmoja na kabichi, sukuma wiki na haradali, na majani yake hupikwa vilevile. Yana vinyweleo vinavyokwaruza ulimi yakiwa mabichi, ila moto huviondolea ukali huo. Yakatwe membamba, yakaangwe na kitunguu na nyanya, kisha yamwagiwe karanga zilizosagwa. Kwa maoni yangu mboga hii haizidiwi na mchicha, na ndiyo inayopaswa kuliwa siku ileile, maana hakuna sehemu ya mmea inayonyauka mapema zaidi.

Kinachowafanya watu wengi kuikwepa figili ni ukali wake, na ukali huo una namna ya kudhibitiwa. Ndani ya seli zake mmea huweka mahali mbalimbali vitu viwili, yaani kemikali zenye salfa na kimeng'enya cha kuzivunja. Kisu au jino likipasua seli, viwili hivyo hukutana na kuzalisha mafuta makali yanayopanda puani, jinsi haradali inavyofanya. Moto hukiharibu kimeng'enya hicho, kwa hiyo figili iliyopikwa hupoa ukali na kubaki na utamu mdogo. Ikatwe vipande vinene na itiwe kwenye mchuzi wa sato au dagaa katikati ya mapishi, nayo italainika na kunyonya ladha ya samaki. Watoto wanaoikataa kwenye kachumbari mara nyingi huila hivyo bila ubishi.

Zilizobaki baada ya hapo zinahitaji chumvi. Kilo moja ya figili zilizokatwa slesi nyembamba huchanganywa na gramu 20 hadi 30 za chumvi na kukandwa kwa mkono. Baada ya muda mfupi slesi hulegea na maji hujaa chini ya bakuli, kwa kuwa chumvi huyavuta kutoka kwenye seli. Slesi hushindiliwa kwenye chupa safi ya kioo mpaka zifunikwe na maji yake zenyewe, na kifuniko kisikazwe sana ili gesi ipate njia. Bakteria wa asidi ya laktiki, ambao tayari wamo juu ya mboga, hugeuza sukari kuwa asidi, na kwa joto la Mwanza uchachu husikika ndani ya siku chache. Harufu yake ya salfa humshtua asiyeizoea, lakini si dalili ya kuoza. Dalili za kuoza ni ukungu wa rangi na ute, navyo huanzia kwenye kipande kilichojitokeza juu ya maji. Anayetaka njia ya mkato atumie siki iliyochemshwa na sukari na chumvi kidogo: rangi ya ganda hutoka, hugeuka waridi kwenye asidi, na kesho yake achari iko tayari kuliwa na pilau.

Jua nalo lipo. Wasukuma hukausha viazi vitamu vibichi vikawa michembe, na utaratibu huohuo huifaa figili, hasa ile ndefu nyeupe. Wajapani wamekuwa wakikausha figili nyeupe na kuziloweka kabla ya kupika. Kwa kuwa takriban asilimia 95 ya figili ni maji, kilo moja ikikauka hubaki chini ya gramu 100, na vipande visipokuwa vyembamba vitavunda kabla ya kukauka. Vitandazwe kwenye chekeche lililoinuliwa na kufunikwa na chandarua dhidi ya nzi, viingizwe ndani jioni kabla ya umande, na viwe mbali na vichanja vya dagaa, isipokuwa kwa anayetaka vyote vinuke dagaa.

Msimu ujao, kiasi kilekile cha mbegu kinaweza kugawanywa na kusiwa mstari mfupi kila baada ya siku 7 hadi 10. Mimea michache ikiachwa itoe maua, huzaa maganda mabichi yanayoliwa yakiwa machanga, makali kidogo na yenye kukatika kwa sauti. Mizizi iliyokwisha kuwa na sifongo ndani wapewe sungura na mbuzi kwa kiasi. Ng'ombe wa maziwa apewe baada ya kukamuliwa, la sivyo harufu ya figili hupita hadi kwenye maziwa.